Barua ya wazi kwa viongozi wa mpira wa magongo wa vijana: ada zenu na furaha ya watoto wetu ni jambo moja

Kwa: Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina na wajumbe wote wa Kamati ya Vijana

Yah: Gharama za mchezo na watoto wanaotuacha

Ndugu Mwenyekiti, ndugu viongozi,

Nawasalimu kwa heshima. Naandika hadharani kwa sababu njia ya ndani imeshindikana. Haya nimeyasema kwa makocha, nimeyaandika kwa Katibu, na mimi na wazazi wenzangu tumeyasimamia kwenye mkutano mkuu. Kila mara tuliambiwa suala limepokelewa na litajadiliwa. Sasa fomu za msimu mpya zimetoka, ada imepanda, na katika yote tuliyoyasema hakuna hata moja lililoguswa. Wakati huohuo kundi la watoto wa chini ya miaka kumi linazidi kupungua, na wengi wanaoondoka ni watoto walioupenda mchezo huu kwa moyo wote.

Ninyi gharama mmeiacha kwa Mweka Hazina, na furaha ya watoto mmeiacha kwa makocha, kana kwamba ni mambo mawili. Kwetu nyumbani ni jambo moja. Maamuzi yanayotukausha mifuko ndiyo hayohayo yanayomrudisha mtoto nyumbani kanyamaza. Nitayataja moja baada ya jingine.

1. Ada mnayotangaza siyo gharama ya kucheza

Fomu inataja kiasi kimoja. Mzazi anapiga hesabu, anaona atajibana, analipa. Wiki chache baadaye inakuja bima. Kisha mchango wa waamuzi, kiingilio cha mashindano, jezi ya pili ya kuchezea ugenini, traki suti ya kusafiria, mchango wa zawadi za kufunga msimu. Ukilitazama kila dai peke yake ni dogo, na kila ujumbe unaotumwa unasema hivyohivyo: "ni kiasi kidogo tu, wazazi." Lakini madai hayo huja wakati mtoto ameshapata marafiki na namba mgongoni. Ni mzazi gani atakayemtoa mwanawe katikati ya msimu? Atalipa, hata kwa kukopa. Na asiyeweza kukopa atamwambia mtoto aseme anaumwa siku ya mechi. Nawafahamu wazazi waliofikia hapo. Mtoto anayedanganya ili kuficha hali ya nyumbani kwao ameshabebeshwa mzigo usiolingana na umri wake.

Tulipoomba mchanganuo wa matumizi ya ada tulipewa jumla tatu kwenye karatasi moja. Huo siyo mchanganuo.

2. Vifaa vimegeuzwa kuwa kipimo cha uzito wa nia

Mchezo huu, kwa mtoto anayeanza, unataka vitu vichache: gongo linalomfaa, kinga za ugoko, kinga ya meno na viatu vinavyoshika chini. Basi. Nimekuwa nikitunza stoo ya vifaa kwa kujitolea na nimeona yanayotokea. Kocha anasema mbele ya watoto kwamba "wanaotaka kwenda mbali" watafute gongo la kaboni. Jioni hiyohiyo mzazi anapigiwa magoti.

Gongo lenye kaboni nyingi ni gumu. Kwa mchezaji mkubwa anayepiga mpira wa nguvu lina faida yake. Kwa mtoto wa miaka tisa anayejifunza kuutuliza mpira ni adhabu, maana mpira ukiligonga unaruka na kumkimbia. Gongo la mbao au la faiba la kawaida lingemfundisha vizuri zaidi kwa gharama ndogo. Muhimu kuliko yote ni urefu. Likisimamishwa kando ya mtoto linapaswa kufika karibu na nyonga yake. Kuna binti mmoja kwetu alinunuliwa gongo refu "ili akue nalo". Analishika katikati ya mshikio, ncha ya juu inamchoma tumboni kila akiinama, na tayari ameambiwa hana mkono wa hoki. Mkono anao. Hajapewa gongo la kimo chake, na stoo inayo magongo mafupi yaliyolala bila kazi kwa sababu hakuna utaratibu wa kuazimisha.

Ya golikipa ndiyo mazito zaidi. Kofia, kinga ya shingo, kinga ya kifua, glovu, kinga kubwa za miguu, vifuniko vya viatu: seti hiyo mmeiachia familia. Kwa hiyo anayesimama golini ni yule ambaye wazazi wake wanaweza kuinunua, awe anaipenda nafasi hiyo au haipendi. Golikipa analinda goli la timu nzima, na vifaa vyake vinapaswa kuwa mali ya timu. Na msidhani mtoto anaweza kusimama pale nusu-nusu, bila kofia au bila kinga ya kifua. Mpira wa hoki ni mgumu, una uzito wa gramu 156 hadi 163, na ukipigwa vizuri unavunja mfupa. Hapo sitaki punguzo la aina yoyote. Nataka klabu inunue, iazimishe na ikague mikanda kila wiki.

3. Mnawachezesha watoto kwenye uwanja wa watu wazima

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo mnapopoteza fedha na watoto kwa wakati mmoja.

Uwanja kamili wa hoki una urefu wa mita 91.4 na upana wa mita 55. Umepimiwa watu wazima kumi na mmoja kila upande. Ninyi mnaingiza humo watoto wa miaka minane na tisa. Simameni siku moja nyuma ya goli, msitazame mpira, mtazameni beki wa kushoto. Mpira uko upande wa pili, mbali kiasi kwamba hasikii ukigongwa. Anachomoa utepe wa mshikio kidogo kidogo na kuuviringisha kidoleni. Anageuka kuangalia kama mama yake bado yupo. Hatimaye mpira unamjia, ni wa kasi, umepigwa na mtoto mwenye nguvu kuliko wote, na unampita. Kocha anafoka. Kipindi kizima alikuwa akiusubiri mpira huo mmoja.

Uholanzi, nchi iliyotwaa dhahabu za Olimpiki za wanaume na za wanawake Paris mwaka 2024, haianzi hivyo. Huko watoto huanza kwa timu za watatu, wakaja sita, wakaja nane, ndipo wakafika kumi na mmoja. Shirikisho la kimataifa lenyewe, FIH, lina mchezo wa watano kila upande. Ulichezwa kwenye Olimpiki ya Vijana Nanjing mwaka 2014 na Buenos Aires mwaka 2018, na Kombe lake la Dunia likachezwa Oman mwaka 2024.

Sasa hesabu. Tukikodi uwanja kwa saa moja na kucheza kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, wanacheza watoto 22. Tukiugawa robo nne na kucheza sita kwa sita, wanacheza 48, kwa saa ileile na kodi ileile. Gharama ya uwanja kwa kila mtoto inashuka chini ya nusu, na kila mmoja wao anaugusa mpira mara nyingi zaidi. Hakuna hata mmoja kati yenu aliyewahi kunieleza kwa nini hesabu hii haifai.

Na kwa timu za wakubwa kidogo: sheria za hoki zinaruhusu kubadilisha wachezaji bila kikomo, na aliyetoka anarudi. Mchezo umetupa njia rahisi ya kumchezesha kila mtoto. Mtoto anayekaa benchi mechi nzima amewekwa pale kwa uamuzi wa mtu, baada ya mzazi wake kulipa ada sawasawa na ya wengine.

4. Uteuzi unafanyika mapema mno, na unafanyika vibaya

Mnagawa watoto wa miaka tisa kuwa kikosi cha kwanza na "wengine". Kikosi cha kwanza kinapata kocha mwenye uzoefu na saa nzuri za uwanja. Wengine wanapata mzazi aliyejitolea na kona iliyobaki. Baada ya mwaka mnasema kikosi cha kwanza ni bora, na mnaona mlikuwa sahihi.

Mwaka 1985 Roger Barnsley na wenzake walionyesha, kwa hoki ya barafuni ya Kanada, kwamba waliofika juu walikuwa kwa wingi wamezaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka. Watoto hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa. Aliyezaliwa Januari ana karibu mwaka mzima zaidi ya aliyezaliwa Desemba, na katika umri huo mwaka ni kimo, nguvu na utulivu wa akili. Makocha wakaviona hivyo, wakaviita kipaji. Chukueni orodha yenu ya kikosi cha kwanza mwangalie tarehe za kuzaliwa. Ni kazi ya dakika chache, na Katibu anazo fomu zote.

5. Safari

Tunaamka alfajiri, tunapanda basi la kukodi, tunasafiri saa nyingi kwenda kucheza mechi tatu fupi zilizotenganishwa na kusubiri kurefu. Njiani tunaupita uwanja wa klabu jirani, ambako watoto wa umri uleule nao wanapanda basi lao kuelekea kwingine. Wao na sisi tungeweza kukutana asubuhi na kila mtu akawa nyumbani mchana.

Familia nzima inalipia siku hiyo. Mdogo mtu anakaa kutwa kwenye kiti cha plastiki. Dada mkubwa anakosa shughuli yake kwa sababu mzazi hawezi kuwa sehemu mbili. Nauli, chakula, na safari ikiwa ya siku mbili, malazi. Kwa mzazi anayelea peke yake, au anayefanya kazi wikendi, mashindano ya mbali yana maana moja tu: mtoto wake haendi, na asiyekwenda anahesabiwa kuwa hana nia.

6. Mwaka mzima bila kupumua

Msimu ukiisha inaanza hoki ya ndani, kisha kambi ya likizo, kisha maandalizi. Zote mnaziita za hiari, lakini uteuzi unafanyika humohumo kambini. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa ushauri wake mwaka 2016: mtoto apate walau siku moja au mbili za kupumzika kila wiki, apumzike na mchezo wake jumla ya miezi mitatu kwa mwaka, na kujifunga na mchezo mmoja kucheleweshwe hadi miaka 15 au 16. Sababu zao ni majeraha na kuchoka moyo. Mimi naongeza mfuko wa mzazi.

7. Kelele za pembeni

Hili ni fupi. Wapo wazazi wanaomtukana mwamuzi, na waamuzi wetu wengi wa mechi za watoto ni vijana wa miaka 15 au 16. Kanuni mnayo, imebandikwa ukutani, haijawahi kutumika. Itumieni, hata kama mhusika ni rafiki wa kamati.

Najua majibu yatakayokuja, maana nimeshayasikia.

Mtasema uwanja wa nyasi bandia ni ghali na lazima gharama irudi. Ni ghali kweli, na siwaombi muubomoe. Lakini msituambie kwamba bila saa nyingi juu yake mtoto mdogo hatakuwa mchezaji. Nyasi bandia ziliingia Olimpiki mwaka 1976, Montreal. Kabla ya hapo India ilikuwa imeshatwaa dhahabu saba kati ya nane ilizo nazo katika hoki ya wanaume, zote kwenye nyasi za kawaida. Mwaka 1980 mjini Moscow, wanawake walipocheza hoki ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, dhahabu ilikwenda Zimbabwe, timu iliyokusanywa wiki chache tu kabla, baada ya mataifa mengi kususia. Siku hizi mchezo wa juu unachezwa kwenye nyasi bandia, nalijua hilo. Mtoto wa miaka minane yuko mbali na huko. Ukumbi wa shule, uwanja wa sakafu ngumu, hata kipande cha nyasi kilichofyekwa vizuri vinamtosha kujifunza kukokota na kutoa pasi.

Mtasema tukipunguza safari na uteuzi tutaachwa nyuma. Norway iliweka kanuni za michezo ya watoto tangu mwaka 1987. Huko hakuna majedwali wala orodha za ushindi kabla ya mwaka mtoto anaotimiza miaka 11, na hakuna ubingwa wa taifa kabla ya miaka 13. Nchi hiyo ndogo iliongoza dunia kwa medali kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Beijing mwaka 2022.

Mtasema upo mfuko wa kuwasaidia wasio na uwezo. Upo, na naomba mfikirie unavyofanya kazi. Mzazi anatakiwa aandike barua kueleza umaskini wake, aambatishe ushahidi, kisha isomwe na kamati ambayo ndani yake wamo majirani zake na wazazi wa wachezaji wenzake na mwanawe. Halafu mnashangaa maombi ni machache na mnahitimisha kwamba hitaji halipo! Watu hawaombi kwa sababu mmewawekea bei ya heshima yao.

Na mtasema wanaojitolea ni wachache. Ni kweli, na walio ndani ya kamati wanachoka, nawaona. Lakini wazazi waliotaka kusaidia hawakupewa kazi. Orodha ya majina tuliyoikabidhi iko ofisini kwenu. Wamo mafundi wa kushona watakaorekebisha kinga zilizochanika, wamo madereva, yumo mhasibu.

Tunachoomba ni hiki, na tunaomba kitolewe uamuzi kabla usajili wa msimu ujao haujafungwa:

(a) Tangazeni gharama nzima ya msimu mwanzoni, pamoja na bima, waamuzi, jezi na mashindano, na ziada yoyote baada ya hapo isimlazimu mzazi. Ruhusuni kulipa kidogo kidogo bila riba na bila kumsimamisha mtoto.

(b) Fungueni stoo kwa kuazimisha magongo na kinga, na vifaa vyote vya golikipa wa vijana viwe mali ya klabu. Jezi idumu misimu mitatu kabla ya kubadilishwa. Kazi ya stoo nitaendelea kuifanya mimi na wenzangu bila malipo.

(c) Watoto wa chini ya miaka kumi wachezee viwanja vidogo, kila mmoja acheze walau nusu ya muda wa mechi, na pasiwe na vikosi vya daraja hadi watakapofika miaka 12.

(d) Kaeni na klabu za jirani mpange ligi ya karibu, inayoanza na kuisha asubuhi moja. Safari ya kulala nje isizidi moja kwa msimu, nayo iwe ya walio na zaidi ya miaka 12.

(e) Msaada wa ada utolewe kwa mzazi kuweka alama kwenye fomu, na ashughulikie mtu mmoja asiye na mtoto klabuni, kwa siri.

(f) Wekeni mapumziko ya kweli kwenye kalenda, na pasiwe na uteuzi wowote ndani ya shughuli mnayoiita ya hiari.

Kati ya haya, (a), (c) na (e) hayahitaji fedha hata kidogo. Yanahitaji kikao kimoja na kura. Kama kamati inaona lipo lisilowezekana, tuandikieni lipi na kwa sababu gani, pamoja na hesabu.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 31, unatambua haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Kanuni zetu wenyewe za klabu zinasema kwenye ukurasa wa kwanza kwamba mchezo huu ni wa watoto wote. Wazazi tulioweka majina kwenye barua hii, ambayo nakala yenye sahihi imefikishwa ofisini, tutahudhuria kikao chochote mtakachokiita, saa yoyote, na mhasibu wetu atakuja na makadirio yaliyokamilika ya msimu wenye ada nafuu. Msipoita kikao, tutatumia kifungu kinachowaruhusu wanachama kuitisha mkutano maalumu, na idadi inayotakiwa tunayo.

Tunasubiri jibu lenu kwa maandishi.

Wenu,

Mzazi wa wachezaji wawili na mtunza stoo wa kujitolea, kwa niaba ya wazazi waliotia sahihi

Nakala: Makocha wote wa vijana, wazazi na walezi wote